Yaliyomo na Yasiyomo Kwenye Bahasha ya MRI

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nafanya kazi Dar es Salaam, na kutwa nzima nashughulika na maumivu: migongo, magoti, nyonga, mabega. Siku hizi mgonjwa wa mgongo haji mikono mitupu. Anakuja na bahasha kubwa yenye filamu nyeusi za MRI, picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, na karatasi moja ya ripoti iliyoandikwa Kiingereza, na kabla hata hajakaa ananikabidhi kwa mikono miwili.

Mama mmoja anayeuza chakula karibu na stendi aliingia hivyo, akashikilia ukingo wa meza yangu.

"Shikamoo mama, karibu ukae."

"Marahaba mwanangu. Sijui hata kama naruhusiwa kukaa. Pingili zangu zimesagika na diski imetoka."

"Nani kakuambia hivyo?"

"Yote yamo humo." Akainyooshea kidole bahasha.

Niliisoma ripoti. Kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni, diski, ule mto laini unaotenganisha pingili, ilikuwa imepungua maji na kuvimba kidogo kwa nyuma. Viungo vidogo vya nyuma ya pingili vilianza kuchakaa. Hakuna neva iliyobanwa. Nikamuuliza anaumwaje, naye akaeleza vizuri kuliko karatasi yoyote: asubuhi mgongo unakaza, akisimama muda mrefu kwenye jiko unawaka, akitembea unaachia, usiku akigeuka unakata. Nikamuuliza ameacha kufanya nini. Hainami tena kupuliza moto. Anasali kwenye kiti, hasujudu. Mjukuu wa mwaka mmoja hambebi, anampokelea kochini tu. Mgongo ulikuwa umemsumbua miezi mingi, lakini hayo yote aliyaacha baada ya kupokea ripoti. Maumivu yalikuwa yale yale. Kilichoongezeka ni hofu.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kwa bidii juu ya picha na maumivu, kwa sababu naona tunazitumia mashine hizi ghali kwa kujibu maswali zisizoweza kuyajibu, huku wagonjwa wanaozihitaji kweli wakikaa foleni.

Tuanze na mgongo. Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Maureen Jensen na wenzake, waliowapiga MRI ya kiuno watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 52 walikuwa na diski iliyovimba angalau sehemu moja. Waliokutwa na diski salama zote walikuwa asilimia 36 tu. Yaani wengi wa watu wazima wasioumwa, wanaobeba magunia na kucheza ngoma, wangepewa ripoti ya kuwatoa usingizini.

Mwaka 2015 watafiti wengine walikusanya tafiti 33 za aina hiyo, zenye watu 3,110 wasio na maumivu ya mgongo, wakazipanga kwa umri. Dalili za diski kuchakaa zilikutwa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, asilimia 80 ya wa miaka 50, na asilimia 96 ya wa miaka 80. Mama yangu wa stendi ana miaka hamsini na kitu. Kilichoandikwa kwenye ripoti yake ni umri wake, kama mvi zinavyoonyesha umri, na hakuna anayeacha kuinama kwa sababu ya mvi.

Nieleweke vizuri. Sisemi MRI ya mgongo haina kazi. Mgonjwa akishindwa kuzuia mkojo au choo, akipata ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, mguu ukikosa nguvu, picha ni ya dharura, tena siku hiyo hiyo. Akikonda, akipata homa na jasho la usiku, akiwa amewahi kuugua saratani au ameanguka kutoka mnazini, apigwe picha. Nchi zetu zina kifua kikuu kinachoshambulia pingili, na kinachowahi kugundulika humwokoa mtu na kupooza. Hapo simwambii mgonjwa asubiri, namsindikiza mwenyewe hadi kwa daktari.

Lakini kwa mgongo wa kawaida, ule usio na dalili hizo, picha ya mapema haimsaidii mgonjwa kupona. Mwaka 2003 Jeffrey Jarvik na wenzake huko Marekani waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 380 wa kiuno: nusu wapigwe eksirei, nusu MRI ya haraka. Baada ya mwaka mmoja uwezo wao wa kufanya shughuli ulikuwa sawa. Waliopasuliwa walikuwa 10 upande wa MRI na 4 upande wa eksirei. Idadi ni ndogo, sitaki kuikuza, ila inalingana na ninachokiona: picha ikishaonyesha kitu, kila mtu anataka kitu hicho kishughulikiwe.

Kuna utafiti wa Coimbatore, India, wa mwaka 2021, ulionigusa zaidi. S. Rajasekaran na wenzake walichukua wagonjwa wa kiuno wasio na tatizo kubwa. Kundi moja lilisomewa kila kilichoandikwa kwenye ripoti. Kundi la pili liliambiwa kwamba picha ni ya kawaida, na mabadiliko yaliyomo ni ya umri. Baada ya wiki sita za tiba, waliosomewa kila kitu waliuona mgongo wao kuwa dhaifu zaidi, na hata shughuli zao zilikuwa chini kuliko za wenzao. Maneno ya ripoti, peke yake, yaliwarudisha nyuma.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa radiolojia, kwa heshima yote: andikeni pembeni ya "diski imechakaa" kwamba hali hii hukutwa kwa watu wengi wa umri huu wasioumwa. Ni sentensi moja. Na sisi tunaomsomea mgonjwa ripoti hiyo kwa Kiswahili, tuache neno "kusagika". Mgonjwa akilisikia anawaza unga.

Sasa, kama picha ya mgongo haionyeshi maumivu, yako wapi? Hapo ndipo aina nyingine ya picha ilipofungua mlango.

Mwaka 1990 Seiji Ogawa, akiwa kwenye maabara ya utafiti ya Bell Labs huko Marekani, pamoja na wenzake walionyesha kwamba mashine ya MRI inaweza kutofautisha damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa oksijeni. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu yenye oksijeni kwa wingi, na hemoglobini iliyokwisha kutoa oksijeni yake huvuruga usumaku kidogo. Mashine inapima tofauti hiyo. Ndiyo kipimo kinachoitwa fMRI. Kwa hiyo zile picha za ubongo zenye madoa mekundu na ya njano tunazoziona mtandaoni si picha za maumivu, ni hesabu za damu, zilizopakwa rangi na kompyuta.

Hata hivyo zimefundisha jambo kubwa. Mtu akichomwa na joto, haziwaki sehemu moja ya ubongo. Zinashiriki insula, thalamasi, singuleti ya mbele, na eneo linalopokea hisia za mwili. Baadhi ya hizo zinahusika pia na hofu, umakini na matarajio. Kumbe hofu ya mama yule haikuwa imekaa pembeni ya maumivu yake ikiyatazama. Ilikuwa sehemu ya kinachoyatengeneza.

Jaribio la Oxford la mwaka 2011 ndilo ninalopenda kuwasimulia wanafunzi. Ulrike Bingel, Irene Tracey na wenzao waliwalaza watu 22 wenye afya kwenye mashine, wakawachoma kwa joto mguuni, na kuwaomba wataje kiwango cha maumivu kuanzia 0 hadi 100. Wastani ulikuwa 66. Kisha, bila kuwaambia, wakafungulia kwenye dripu dawa kali ya maumivu iitwayo remifentanili. Maumivu yakashuka hadi 55. Halafu wakawaambia: sasa tunaanza kukupa dawa. Dawa ilikuwa ile ile, kipimo kile kile, haikuongezwa hata tone. Maumivu yakashuka hadi 39. Mwisho wakawaambia dawa imesimamishwa, na maumivu huenda yakaongezeka. Dripu ilikuwa bado inatiririka. Maumivu yakapanda hadi 64, karibu pale pale yalipoanzia.

Soma tena hapo pa mwisho. Dawa ya kundi la morfini ilikuwa ndani ya mishipa yao, na maneno yakaifuta.

Mtu angeweza kusema walitaja namba za kumfurahisha mtafiti. Hapo ndipo picha inapotoa ushahidi: mabadiliko yalionekana kwenye zile zile sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu, si mdomoni tu. Walipotarajia nafuu, ubongo wao ulitumia njia zake za kushusha maumivu. Walipotarajia mabaya, maeneo ya wasiwasi yaliongeza kazi. Kila nikikumbuka jaribio hili naogopa namna tunavyoongea wodini. "Hii sindano haitakusaidia sana, lakini tujaribu." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi, kwa nia njema kabisa.

Timu nyingine ya Oxford, ya Rebeccah Slater, ilifanya kazi ambayo kila mkunga angefaa kuijua. Hadi miaka ya 1980 kulikuwa na madaktari, hata kwenye hospitali kubwa za nchi tajiri, waliowapasua watoto wachanga kwa ganzi kidogo mno au bila dawa ya maumivu kabisa, wakiamini ubongo wa kichanga haujakomaa kuhisi. Mwaka 2015 Slater na wenzake waliwaweka kwenye fMRI vichanga 10 wasiozidi wiki moja, kwa ridhaa ya wazazi. Watoto walinyonyeshwa, wakalala usingizi, wakaguswa unyayo kwa kifaa kinachochomachoma kidogo, kidogo kiasi cha kutowaamsha. Watu wazima 10 wakafanyiwa hivyo hivyo. Kati ya sehemu 20 za ubongo zilizowaka kwa mtu mzima, 18 ziliwaka kwa kichanga. Tena mguso dhaifu tu kwa mtoto uliamsha ubongo kwa kiasi ambacho kwa mtu mzima kilihitaji mguso wenye nguvu mara nne.

Kichanga hawezi kukutajia namba. Hawezi kusema "unakata" au "unawaka". Hapa picha ilisema kwa niaba ya asiye na maneno, na sioni matumizi bora ya mashine hii kuliko hayo.

Kwa maumivu ya muda mrefu, picha zimeleta habari mbaya na njema. Mbaya ni kwamba tafiti kadhaa zimekuta ubongo wa mtu aliyeumwa miaka una sehemu ambazo chembe zake za kijivu zimepungua. A. Vania Apkarian alilionyesha hilo mwaka 2004 kwa wagonjwa wa mgongo. Njema ilitoka Hamburg, Ujerumani, mwaka 2009: wagonjwa wa nyonga iliyolika walipopigwa picha walikuwa na upungufu huo, na wale 10 waliofuatiliwa baada ya kubadilishiwa nyonga na kupona maumivu, sehemu hizo zilianza kujaa tena. Upungufu ulikuwa kwa kiasi kikubwa matokeo ya maumivu, na uliweza kurudi nyuma. Nawaambia hivyo wagonjwa waliochoka, wale wanaouliza kama wameshaharibika moja kwa moja.

Na kutibu je? Kuna waliojaribu kutumia fMRI yenyewe kuwa tiba. Mwaka 2005 Christopher deCharms, Sean Mackey na wenzao huko California waliwaonyesha watu, wakiwa ndani ya mashine, namna sehemu moja ya ubongo wao ilivyokuwa ikipanda na kushuka wakati huo huo, na kuwafundisha kuipandisha na kuishusha kwa fikra. Walioweza, maumivu yao yalibadilika, na baadhi ya wagonjwa wa muda mrefu walisema wamepata nafuu. Habari hiyo ilisambaa sana. Hadi leo haijawa tiba ya kawaida ya hospitali, na mashine yenyewe ni ghali mno kwa zoezi la namna hiyo.

Tiba ya picha inayowafikia watu wetu ni ya chini zaidi: utrasaundi. Niliwahi kusimama kando ya daktari wa nusu kaputi akimchoma sindano ya ganzi kijana aliyevunjika paja. Alipaka jeli kwenye kinena, akaweka kifaa, na kwenye skrini ukaonekana mshipa wa damu ukidunda, na pembeni yake neva ya paja, yenye vitundu vidogo vidogo. Sindano iliingia ubavuni mwa picha, mstari mweupe unaosogea taratibu. Akasukuma dawa, na weusi wa maji ukaizunguka neva pande zote. Baada ya muda mfupi kijana, aliyekuwa akipiga kelele kila kitanda kikiguswa, akaomba maji ya kunywa. Zamani sindano hiyo ilipigwa kwa kukadiria. Sasa mpigaji anaona neva, anaona mshipa wa kuukwepa, na dawa kidogo inatosha. Kwa wagonjwa ambao saratani imesambaa hadi kwenye mifupa, kuna pia mawimbi ya utrasaundi yanayokusanywa sehemu moja chini ya uangalizi wa MRI na kuunguza eneo la mfupa linalouma. Marekani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2012.

Kuna njia moja ambayo sitaki tuifuate. Mwaka 2013 Tor Wager na wenzake walitangaza kwamba, kwa kuwachunguza watu wenye afya 114, wameunda kipimo cha fMRI kinachotofautisha joto linalouma na joto la kawaida kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90. Kazi nzuri sana ya sayansi. Lakini wapo waliokimbilia kuuliza kama sasa tutaweza kumkamata anayejifanya anaumwa, mahakamani au kwenye bima. Jopo la Shirika la Kimataifa la Uchunguzi wa Maumivu, likiongozwa na Karen Davis, lilijibu mwaka 2017: picha ya ubongo isitumike kuamua kama mtu fulani anasema kweli juu ya maumivu yake. Nakubaliana nao kwa moyo wote. Joto la dakika chache kwa kijana mwenye afya si maumivu ya miaka kumi ya mama mjane. Na shirika hilo hilo, kwenye maana ya maumivu waliyoirekebisha mwaka 2020, limeandika kwamba mtu anapoeleza kuwa anaumwa, maelezo yake yaheshimiwe.

Nayasema haya nikiwafikiria wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tanzania ni mojawapo ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Maumivu yakiwashika, hakuna jeraha la kuonyesha, hakuna uvimbe kila mara, na wengi wamesemwa kwamba wanapenda dawa. Kijana mmoja aliletwa kwangu kwa mazoezi ya nyonga ya kulia, akichechemea. Alikuwa na karatasi tatu za eksirei, zote zimeandikwa kwamba ni ya kawaida, na mtu fulani wodini alishamwambia mama yake kwamba huyu ni mvivu wa shule.

Chembe za damu za selimundu zikiziba mishipa midogo, kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu na kuanza kufa. Mwanzoni eksirei haioni kitu. Mfupa unakufa huku umbo lake bado limesimama. MRI huona mapema, kabla kichwa cha mfupa hakijabonyea. Mguu wa kijana yule ulikuwa hauwezi kugeukia ndani bila yeye kuuma meno, na hilo kwangu lilitosha kumwandikia daktari wa mifupa barua. Alisubiri miezi kabla ya kupata MRI, kwa sababu ya fedha na kwa sababu ya foleni. Picha ilionyesha mfupa unaokufa pande zote mbili, hata wa kushoto ambao haukuwa umeanza kuuma.

Foleni hiyo ilijaa migongo. Silaumu wenye migongo, kwa kuwa wanaumwa kweli na hakuna aliyewaeleza vinginevyo. Lakini kila kiuno cha kawaida kinachopigwa MRI wiki ya kwanza kinachukua nafasi ya nyonga moja iliyohitaji kuonekana mwezi huu. Mashine zenyewe ni chache, na nyingi ziko mijini. Mwaka 2022 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Mbarara, Uganda, wakishirikiana na wenzao wa Leiden, Uholanzi, waliunganisha palepale chuoni mashine ndogo ya MRI yenye usumaku mdogo, isiyohitaji chumba maalumu wala gesi ya kuipoza. Imetengenezwa kwa ajili ya vichwa vya watoto, nyonga haiingii. Natamani siku moja iingie.

Mama wa stendi tulifanya naye kazi bila kupiga picha nyingine. Tulianza kwa kuinama akiwa ameshika meza, kisha bila meza, kisha kunyanyua sufuria tupu, kisha yenye maji nusu. Mgongo bado humkaza baadhi ya asubuhi. Kijana wa selimundu anatembelea magongo mawili ili kupunguza uzito kwenye nyonga, anaogelea pale mama yake anapopata nauli, na upande wa kulia daktari wa mifupa anaona utahitaji upasuaji. Wa kushoto, kwa kuwa uligunduliwa kabla haujabonyea, tunaupigania.